Nyani, fisi au sokwe? Kama unataka kusoma mambo ya cheo na kujifunza kwa wanyama, anza na yupi

Kila fildi ikikaribia napata meseji zilezile za vijana wa wanyamapori na zuolojia, "nataka projekti ya tabia za wanyama wanaoishi kwa makundi, nichague mnyama gani", na wengi wakiniuliza hivo tayari moyoni wameshachagua sokwe kwa sababu ya Gombe, ile hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, wanataka tu mtu wa kuwaambia sawa nenda. Sasa nimeona niandike mara moja nimalize, maana hapa hauchagui mnyama mzuri wa kupiga picha, unachagua swali, na maswali yenyewe yapo mawili na watu wanayachanganya kila siku. La kwanza ni cheo, yaani nani anampisha nani, nani anakula kwanza, na hicho cheo kakipataje. La pili ni kujifunza, ujuzi unatoka kwa huyu unaendaje kwa yule.

Mi ninachoamini, na nakisema mapema ili ujue ninakoelekea, ni kwamba mwenye cheo na mwenye kuigwa mara nyingi ni watu wawili tofauti (niwaite watu tu, nimewazoea). Ukilielewa hilo kuchagua kunakuwa rahisi sana, kwa sababu kuna mnyama anakuonyesha cheo mpaka unakiona kwa macho lakini kwenye kujifunza anakupa kidogo, na kuna mwingine ambaye ni kinyume chake.

Naanza na nyani kwa sababu ndo ninaowapenda na ndo ninaowashauri wengi.

Ngoja nikupe picha. Asubuhi moja Manyara, jike kakaa chini ya mkwaju anapasua ukwaju taratibu, kajaza mashavu, maganda yamemzunguka pale chini na bado kuna ukwaju mzima kama tano hivi mbele yake. Anatokea jike mwingine, hana haraka, hapigi kelele, hata hamwangalii mwenzie usoni, anatembea tu kuelekea pale. Akibakiza kama hatua nne, yule wa kwanza ananyanyuka, anaacha ukwaju wake wote, anaenda kukaa pembeni anajikuna mkono. Aliyekuja anakaa palepale penye joto la mwenzie anaendelea kula. Basi, imeisha, sekunde kumi. Hakuna kofi, hakuna meno. Mtu anayesubiri ugomvi ili aone cheo hiyo inampita, wakati cheo chenyewe ndo hicho, ni kupisha. Unaandika kwenye daftari "A kampisha B" na saa, unaendelea, na ukikaa wiki mbili tatu na kundi moja unalolitambua sura, hizo "kampisha" zinajipanga zenyewe unapata ngazi nzima kutoka juu mpaka chini.

Na ngazi ya majike wa nyani ina utaratibu wake ambao ukiuona mara ya kwanza unashangaa. Binti anarithi nafasi kutoka kwa mama yake, anakaa chini kidogo tu ya mama, na kati ya mabinti wa mama mmoja yule mdogo ndo anakuja kuwapita dada zake wakubwa, kwa hiyo kitinda mimba anakuwa juu. Haya yamefuatiliwa Amboseli kule Kenya, na watafiti kina Jeanne Altmann na wenzake, ambako kundi hadi kundi linafuatwa bila kukatika tangu 1971, yaani kuna nyani pale ambao rekodi ya bibi wa bibi yao ipo. Madume wao hawarithi chochote. Dume akikomaa anahama kwao, anaingia kundi la wageni, anapanda kwa nguvu na meno akiwa bado kijana halafu anashuka mwili ukichoka. Kwa hiyo ndani ya kundi moja una mifumo miwili ya cheo, mmoja umetulia miaka na miaka, mwingine unabadilika hata msimu kwa msimu. Kwa projekti ya miezi miwili hiyo ni zawadi.

Halafu usidhani kuwa juu ni raha tupu. Huko huko Amboseli mwaka 2011 walitoa matokeo ya homoni zilizopimwa kwenye kinyesi, ikaonekana dume namba moja ana homoni za msongo nyingi kuliko namba mbili wake. Namba mbili anakula vizuri, anapata majike, na hana kazi ya kulinda kiti saa zote. Na kabla ya hapo, 2003, walionyesha kwamba watoto wa majike wenye ushirika mwingi, wale wanaokaa na wenzao na kusafishana manyoya, wanaishi zaidi, na hii haikuelezwa na cheo cha mama. Mi nikisoma hizo mbili pamoja naona kabisa mtu akipima cheo peke yake kaacha nusu ya maisha ya nyani.

Kwenye kujifunza sasa. Watu wanasema nyani si wa kusomea mambo ya utamaduni kwa kuwa hana vifaa kama sokwe, na hapo ndo ninapobishana nao kila siku, kwa sababu ya kundi moja la Maasai Mara alilokuwa akilifuatilia Robert Sapolsky. Miaka ya themanini mwanzoni kulikuwa na jalala la loji moja ya watalii, kundi jirani likalifanya jikoni kwao. Madume wakorofi wa lile kundi la Sapolsky wakawa wanaenda kila asubuhi kugombania takataka, wakorofi tu, maana wapole hawakuwa na ubavu wa kupigana na wenyeji wa pale. Ikaingia nyama yenye kifua kikuu. Wote waliokuwa wakienda jalalani wakafa, karibu nusu ya madume wazima wa kundi, wakabaki wale wapole pamoja na majike. Kundi likatulia, kuonewa wanyonge kukapungua, madume na majike wakawa wanakaa karibu na kusafishana. Hapo bado unaweza ukasema sawa, wakorofi wamekufa, ulitegemea nini. Lakini madume wa nyani wanahama! Ilipofika 1993 hakukuwa na dume hata mmoja aliyebaki wa kile kipindi, wote walikuwa wageni waliotoka makundi ya kawaida yenye ukorofi wa kawaida, na bado kundi lilikuwa na upole uleule. Sapolsky na Lisa Share waliandika hayo 2004. Hakuna aliyewapa wageni semina, inaonekana majike walikuwa wanawapokea mapema, wanawakaribia na kuwasafisha bila kungoja, na mgeni aliyepokelewa hivo naye anatulia. Mi hilo nalihesabu kujifunza, tena kujifunza kukubwa, na halikutoka kwa bosi, lilitoka kwa waliokuwepo.

Na Mpala, kituo cha utafiti kule Laikipia, Kenya, mwaka 2012 kundi moja la nyani lilivalishwa kola za GPS za kuonyesha kila mmoja yuko wapi, karibu wazima wote, zikachukua data kila sekunde. Swali lilikuwa nani anaamua kundi liende wapi. Jibu lililotoka 2015 halikuwa dume kubwa. Wakijitokeza wachache wakaanza upande mmoja na wengine upande wa pili, kundi linafuata walio wengi, na pande zikiwa karibu wanapita katikati. Dume kubwa naye anafuata. Soma tena hapo, maana vijana wengi huwa wanaandika "kiongozi wa kundi" wakimaanisha mwenye cheo, na mwalimu makini atakukata maksi.

Fisi

Fisi madoa nampa nafasi ya kwanza kabisa kama swali lako ni cheo tu, hasa cheo cha kurithi. Hapa majike ndo wako juu. Dume mgeni akiingia kwenye ukoo anaanza chini kabisa, chini ya watoto, na kupanda kwake ni kwa foleni, aliyetangulia kuingia anabaki mbele, kupigana hakusaidii kitu. Mtoto wa fisi anarithi nafasi ya mama kama binti wa nyani, na tofauti ni kwamba kwa fisi hata mtoto wa kiume anatembea na cheo cha mama kwa muda wote anaobaki kwao. Ukimwona katoto ka jike mkubwa kanamsogeza mtu mzima kwenye mzoga, mtu mzima mwenye taya za kuvunja mfupa wa nyati, halafu yule mtu mzima anashusha masikio anaondoka, hapo ndo unaelewa cheo si misuli.

Na hili limeonyeshwa vizuri tu. Ngorongoro koo nane za kreta zinafuatiliwa tangu 1996, na kazi iliyotoka 2018 ilionyesha kwamba fisi wawili wakikutana, anayeshinda ni yule mwenye watu wengi wa kumtetea, uzito na jinsia vinakuja nyuma. Majike wanatawala kwa kuwa wao ndo wanabaki nyumbani na ndugu zao, madume wengi wanahama wanaacha watetezi nyuma. Huko Maasai Mara nako mtafiti Kay Holekamp alianza kuwafuatilia fisi 1988, na kwa data za miaka 27 walikuja kuonyesha 2021 kwamba mtoto anarithi hata marafiki wa mama, yaani anakuja kukaa na walewale ambao mama anakaa nao, na watoto wa majike wa juu wanafuata zaidi mtandao wa mama zao.

Sasa upande wa kujifunza ujuzi. Watafiti waliwawekea fisi sanduku la chuma lenye nyama ndani ili waone kama aliyemwona mwenzie akifungua atajua naye kufungua. Kumwona mwenzie kulimpunguzia woga wa kulikaribia sanduku, lakini namna ya kufungua hakuipata kwa kutazama, alijitafutia mwenyewe. Kwa hiyo ukienda kwa fisi na projekti ya kuigana ufundi utarudi na kurasa tupu, wakati ukienda na projekti ya "mtoto anajuaje yeye ni nani kwenye ukoo" utaandika mpaka kalamu iishe, maana mama anaingilia kila ugomvi wa mtoto na wale walio chini yake, na mtoto anajifunza ngazi nzima hivo.

Shida za fisi ni za kawaida. Kazi nyingi ni alfajiri na usiku, unahitaji gari na mafuta, kushuka kwa miguu hakuna. Kumjua huyu na huyu ni kwa madoa tu, upande wa kulia na wa kushoto, na jike na dume kwa nje wanafanana maumbile mpaka unachanganyikiwa mwezi wa kwanza mzima. Nenda pangoni asubuhi mapema, watoto wanatoka kucheza, na angalia wanavyosalimiana, wanasimama kichwa kwa mkia, mmoja ananyanyua mguu wa nyuma, na mara nyingi anayenyanyua kwanza ndo wa chini.

Sokwe

Nakuja kwa sokwe na naomba unisome mpaka mwisho usije ukasema namkandia. Mi mwenyewe fildi yangu ya kwanza nililazimisha sokwe, nikarudi na daftari nusu. Sokwe hawatembei kundi zima, wanagawanyika vikundi vidogo asubuhi, wanakutana mchana, wanaachana tena, na vilima vya Gombe ni vikali kwelikweli, unapanda saa mbili unamsikia ng'ambo ya bonde. Ngazi ya majike haionekani haraka, kupishana kwao ni kwa nadra, inataka miaka. Kwa mwanafunzi wa wiki sita, cheo cha sokwe utakisoma kwenye vitabu zaidi ya kukiona.

Ila hivyo vitabu vina habari. Mwaka 1964 dume aliyeitwa Mike, ambaye hakuwa mkubwa wa mwili, aliokota madebe matupu ya mafuta ya taa kwenye kambi ya watafiti ya Gombe, akawa anakimbia nayo anayabamiza mbele yake kuelekea kwa wenzie, kelele ile wakawa wanatawanyika, akampiku Goliath akawa namba moja. Kijana mmoja, Figan, alionekana akijaribu debe peke yake porini, na miaka ya sabini huyo Figan naye akaja kuwa namba moja. Kuna wengine watatu waliopokezana kiti miaka ya baadaye ambao mi nawafundishia siku zote. Frodo alikuwa na kilo kama 51, alitawala kwa ubabe na kusafisha wenzie ilikuwa kidogo sana. Wilkie alikuwa na kilo 37 hivi, akashika cheo kilekile kwa kukaa chini anasafisha manyoya ya watu wote. Freud alikuwa katikati. Kiti kimoja, njia tatu.

Sasa kujifunza, hapo sokwe hana mpinzani. Mvua za kwanza zikianza, Novemba hivi, kaa mbali kidogo na kichuguu utulie. Mama anakwangua udongo kwa kidole, anafungua tundu, anachukua unyasi au kijiti, anakitoa majani kwa midomo, anakiingiza polepole huku anakizungusha kidogo, anasubiri, anakivuta taratibu kikiwa kimeng'ang'aniwa na mchwa askari, anapitisha mdomoni. Pembeni yake binti wa miaka miwili uso wake uko kwenye mkono wa mama kabisa, pua inakaribia kugusa. Mama akitupa kijiti kilichochakaa binti anakiokota, anakichomeka palepale, anakivuta haraka mno, mchwa wote wameachia, anakiangalia kile kijiti, anarudia. Na kaka yake? Yuko nyuma ya kichuguu anajibiringisha. Hii si hadithi ya siku moja, Elizabeth Lonsdorf na wenzake walipima Gombe wakatoa matokeo 2004, watoto wa kike wanamtazama mama zaidi, wanaanza kufanikiwa zaidi ya miaka miwili kabla ya wa kiume, na kina wanachoingizia kijiti kinafanana na cha mama zao. Kwa hiyo mwalimu wa Gombe ni mama pale kichuguuni, bila kujali nani anapiga kelele mlimani.

Halafu linganisha na Mahale, ambako mtafiti Toshisada Nishida alianza kufuatilia sokwe 1965, ziwa hilohilo la Tanganyika. Mahale sokwe wawili wakisafishana wanashikana mkono juu hewani, kila mmoja anasafisha kwapa la mwenzie kwa mkono uliobaki. Gombe hawana hiyo desturi. Mahale wanavua sisimizi wanaoishi ndani ya miti, Gombe wanajulikana kwa mchwa na kwa kuchovya siafu kwa fimbo ndefu. Sokwe walewale, ziwa lilelile, desturi mbili.

Tumbili nawasema kwa kifupi tu maana wengi mnawadharau kwa vile mnawaona hata chuoni Mlimani wanaiba chakula. Ni wazuri kwa asiye na hela. Amboseli ndo ilikoonyeshwa kwamba wana mlio mmoja wa chui, mwingine wa tai, mwingine wa nyoka, na watoto wanapiga mlio wa tai hata kwa ndege asiye na madhara mpaka wanakua wanajifunza kubagua. Afrika Kusini waliwapa mahindi ya rangi mbili, moja imetiwa uchungu, baadaye uchungu ukatolewa lakini karibu watoto wote wakala rangi ya mama zao tu, na madume waliohamia kutoka kundi la rangi nyingine wengi wao wakabadili kufuata wenyeji. Matokeo hayo ni ya 2013. Na kanga wale wa shingo ya bluu wa Mpala, wenye cheo wakikalia sehemu yenye punje nyingi na kuwafukuza wenzao, wale waliofukuzwa wanaanza kuondoka na kundi zima linaishia kuwafuata. Ndege hao!

Kwa hiyo, kuchagua. Ukiwa na wiki sita na hela ya basi na ya kula, nyani, usifikirie mara mbili, utapata cheo cha uhakika na ukiwa na jicho utapata na kujifunza. Swali lako likiwa cheo kinarithiwaje na kuna mradi wenye gari unaoweza kukupakia, fisi. Ukiwa unataka kuigana na una mwaka mzima au unajiunga na timu ambayo tayari ina rekodi za kila sokwe, nenda kwa sokwe kwa roho moja. Na wale wanaong'ang'ania Gombe kwa wiki chache, kumbukeni ufukweni pale kuna nyani pia, wanafuatiliwa miaka mingi na hawawakimbii watu, unaweza ukafanya projekti ya nyani na jioni ukasikiliza sokwe wakiita.

Vibali usiviache dakika za mwisho, kwa Tanzania ni TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), kwa Kenya anzia NACOSTI (tume yao ya sayansi), na vinachukua muda kuliko unavyodhani. Ukiwa na mafua usiende kwa sokwe, nakuomba sana, hata kama boti umeshalipia, wanaambukizwa magonjwa yetu ya kifua na wanakufa, ndo maana kuna barakoa na kukaa mbali. Nyani usimpe hata ganda la ndizi, na chakula chako kisionekane, umeshaona jalala lilifanya nini kule Mara.

Ukifika, siku tatu za kwanza usipime kitu, jifunze sura tu. Chagua mama mmoja mwenye mtoto anayeanza kula mwenyewe, mfuate huyo kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, na kwenye daftari weka safu mbili, ya kwanza nani kampisha nani, ya pili mtoto kamwangalia nani akiwa anakula. Usizijumlishe mpaka wiki ya mwisho.